Sibomana Yuko Ndani Tayari

Kompyuta ilikataa kumwingiza Sibomana. Ilidai Sibomana yuko ndani tayari.

Paulin Kamate alisoma maneno hayo, akavua miwani, akaifuta kwa shati lililokuwa chafu kuliko miwani yenyewe, akasoma tena. Alikuwa amefunga kila kitu kabla ya kwenda kula. Tena Sibomana huyu hakuwa mtu wa kuingia mahali peke yake. Alikuwa sanamu ya kuchora, mwili ambao Paulin aliutengeneza kwa mkono wake, akauvalisha, akawa anautembeza kwa vidole viwili kama mtoto anavyosukuma gari lake la makopo.

"Mashine za mtaa huu wa Himbi," alisema, ofisini peke yake. "Zinazeeka kama mimi."

Shirika lake lilikuwa limepata kiwanja katika ulimwengu wa kompyuta, ule ambao watu hujenga nyumba bila matofali na kutembeleana bila nauli. Wazo lilikuwa la Mama Olive, mkubwa wa ofisi. Mtaa uliofunikwa na lava mlima ulipotapika ujengwe upya humo ndani, njia kwa njia, ili waliotawanyika, wa kambini, wa Kampala, wa Ubelgiji, wakutane tena mbele ya milango yao. Kazi nzuri, nani angeipinga? Taabu ilikuwa kuuona huo ulimwengu. Programu rasmi ya kuutazamia ilikuwa nzito. Mashine za ofisi zilipoionja tu zilizima. Lakini kulikuwa na nyingine, zilizotengenezwa na watu wa pembeni kwa mapenzi yao, na Paulin akapewa nne azilinganishe, aseme ipi itavumilia mtandao wa Goma na umeme wa Goma.

Majina ya programu hizo yalikuwa marefu ya kizungu. Paulin, aliyewahi kufuata vitenge mpaka Guangzhou na kurudi na tumbo na utani tu, aliyabatiza upya. Jeep ilikuwa na picha safi, vivuli mpaka vya majani, ila iliinyonya mashine kama jeep inavyonyonya mafuta. Pikipiki ilikuwa nyepesi, ikikufikisha au ikikutupa njiani, ni bahati yako. Chukudu ilikwenda kama ile baiskeli ya mbao ya wabeba viazi, polepole, lakini haifi. Ya mwisho akaiita Kipofu, maana haikuonyesha picha hata moja. Iliandika tu kwa maneno kilicho karibu nawe: mlango, ukuta, mtu. Mama Olive aliipenda kwa ajili ya simu ndogo za kambini.

Sasa, kulinganisha kunataka mtu yule yule, mahali pale pale, afanye mambo yale yale katika kila programu. Paulin alianza na sura yake mwenyewe. Tumbo likafika ukutani kabla yake. Akapekua simu akitafuta uso wenye mwanga mzuri, akakuta picha ya arusi: Sibomana, kaka wa mke wake, ndani ya suti ya kijivu. Akaichukua. Kompyuta ikadai jina. Akaandika jina kamili la shemeji yake.

Sibomana alikuwa dereva wa lori la kabichi, na hakuonekana tena tangu siku waasi walipofika kijiji cha Kibumba. Katika ukoo wake, mtu aliyepotea haliliwi, kwa sababu hajafa. Wala haitwi kwa jina mahali patupu, kwa sababu hajarudi. Mama yake, Mama Umuhoza, alimtaja "yule wa kwangu" tu, na kila jioni alimwekea sahani. Paulin ni Munande wa Butembo, si wa kabila lao, lakini alikuwa amekula kwenye nyumba ile miaka mingi; desturi hiyo aliijua kabisa. Alidhani haifiki kwenye kompyuta. Akamwita Sibomana kwa Jeep, akamwita kwa Pikipiki, akamwita kwa Chukudu. Ili aone ipi inachora upesi, akamrusha kutoka juu ya bati, akamchezesha ndombolo mbele ya nyumba iliyoungua, akacheka hadi akakohoa.

Na sasa Sibomana alikuwa ndani tayari.

Paulin akaingia kwa jina lake mwenyewe, na tumbo lake, ili achungulie. Kwa Jeep aliona njia tupu na jua, na katikati ya njia kivuli cha mtu, bila mtu. Kwa Pikipiki aliona suti ya kijivu imesimama mlangoni, imempa mgongo; na juu ya kichwa, pale ambapo huandikwa programu uliyoingilia, hapakuandikwa kitu. Chukudu ilimchora kidogo kidogo kutoka chini kwenda juu, suruali, koti, tai, ikafika shingoni ikaacha, nayo Chukudu haijawahi kuacha kazi. Paulin akafungua Kipofu huku amevaa vile visikizio vya masikioni, na kabla neno lolote halijaandikwa akasikia mtu anatembea juu ya mawe ya lava, krr, krr, taratibu kama anayetafuta namba ya nyumba, na harufu ya siku ile ya mlima, harufu ya kiberiti na mpira ulioungua, ikapanda kutoka chini ya meza ikamjaa mdomoni, na maneno yakaanza kujiandika mstari kwa mstari, Sibomana yuko mlangoni, Sibomana yuko ukutani, Sibomana yuko nyuma ya kiti, na Paulin akakumbuka kwamba katika mtaa ule wa kuchora hakuwa ameweka kiti hata kimoja, kiti kilichokuwepo ni hiki alichokalia.

Hakugeuka. Alichomoa waya wa umeme akatoka kinyumenyume, akamsalimia mlinzi kama mtu asiye na neno.

Kesho yake alirudi, kwa sababu ameajiriwa, na kwa sababu alikuwa ameshajieleza kwamba ni virusi. Saa sita mke wake, Dancille, akamletea chakula. Alikuwa na mama yake, wametoka kliniki. Paulin alikuwa hajagusa swichi, lakini mashine iliwaka.

"Papa Nishimwe," alisema Dancille pole pole, akimwita kwa jina la mtoto wao, sahani mkononi. "Uyu... uyu si kaka?"

Suti ya kijivu iligeuka. Uso ulikuwa kamili, bora kuliko Jeep iliwahi kuchora. Sauti ikatoka, ndogo, ya mtu aliyechoka.

"Mama. Niko Kibumba. Kuya unitwae. Kuya peke yako."

Mama Umuhoza aliinua mikono yote miwili juu. "Nilijua! Nilisema mimi! Yuko muzima!" Alilia, akacheka, akamshika Paulin mashavu, yeye ambaye kwa heshima ya ukwe hakuwahi kumgusa hata kiganja. "Mukwe wangu, ni weye umemutafuta?"

Neno moja lingetosha hapo. *Hapana.* Hata mtoto wa chekechea analijua. Paulin alitazama machozi ya mama yule, akaona jinsi atakavyoonekana akisema ukweli, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa bandia.

"Ni kazi tu, Mama."

Jioni ile nyumba ilijaa. Walichinja kuku. Majirani walimpa mkono, wakamwita mukwe wa kweli. Mama Umuhoza alikunja koti la mwanawe, akaweka chupa ya chai tayari. Kesho anakwenda Kibumba. Watu wakamwambia barabara ya Rutshuru imekatika, risasi zinalia huko, hata motari, madereva wa pikipiki za kukodi, hawafiki. Akasema mtoto wake ameita.

"Mwambie asiende," Dancille alimnong'oneza mumewe jikoni. "Weye atakusikia. Ni weye ulimupata."

Paulin alitoka bila kula, akaenda kwa Muzee Havugimana, baba mdogo wa Sibomana. Mzee huyo zamani aliongea na mizimu. Sasa anaimba besi kanisani. "Niliokoka," hupenda kusema, "lakini sikubadilisha namba ya simu."

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ulimwita jina?"

"Ndiyo, Muzee."

"Mahali patupu?"

"Ndiyo."

"Na ulimufanyisha nini?"

Paulin alitazama kucha zake. "Nilimuchezesha, Muzee."

"Nini?"

"Ndombolo."

Mzee alimtazama tumboni. "Mutu mwenye tumbo kama lile," alisema, "na akili yote imeenda wapi?" Kisha akashusha sauti, akatazama mlango. "Uyu si mutoto wetu. Jini linazurura, halina sura. Weye umeanika nguo ya mutu, ukaita jina lake. Limekuta nguo, limevaa."

"Tulifukuze, Muzee."

"Mimi siliwezi. Mama yake ameshaliitikia, sasa linamusikia yeye peke yake. Ni yeye aliambie mutoto wake amekufa."

"Lakini hatujui kama amekufa!"

"Ndiyo," alisema Muzee Havugimana. "Ndio ubaya wa ulichofanya."

Asubuhi motari mmoja mwenye tamaa alikuwa langoni, injini inanguruma, na Mama Umuhoza ameshapandisha mguu. Paulin alipiga magoti juu ya mawe meusi, mbele ya mkewe, mbele ya majirani waliomsifu jana, akasema yote: picha, jina, bati, ngoma, na neno la Muzee Havugimana. Alitumaini mtu atamkatiza. Hakuna aliyemkatiza. Dancille aligeuza uso ukutani.

Mama Umuhoza alishusha mguu. "Pale alipokuwa anacheza," aliuliza, "alikuwa anacheka?"

"Hapana, Mama. Ni mimi nilikuwa nacheka."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei. "Nipeleke."

Ofisini mvua ilikuwa imefanya mchana kuwa kijivu, na mashine zote zilikuwa zimewaka, na katika kila kioo uso ule ulikuwa umesogea karibu mno mpaka pumzi yake iliweka ukungu, upande wa ndani, na harufu ya kiberiti iliwafanya wakohoe, na sauti ikawa inaita Mama, Mama, ikizidi kuwa changa, ya kijana, ya mvulana, ya mtoto aliyetaka kubebwa, na Mama Umuhoza, ambaye mikono yake ilikuwa imeshainuka kumpokea kabla hajaizuia, akaibana kifuani akasema kwa nguvu jina ambalo hakulitamka tangu Kibumba.

"Nilizaa Sibomana. Sibomana amekufa. Weye sikukuzaa."

Vioo vikazima kimoja kimoja. Kipofu tu iliandika mstari: *Hakuna mtu karibu.* Mama Umuhoza alikaa sakafuni. Hakulia kama jana. Jana alikuwa na mtoto.

Matanga yakafuata, maana neno likishasemwa halirudi. Paulin alibeba viti, akafunga turubai. Alitegemea kufukuzwa, badala yake mama mkwe alimweka kando yake mlangoni, mahali pa mtoto wa kiume, akamshika mkono wa kushoto bila kumweleza kwa nini. Watu wakapita mmoja mmoja. "Pole, mukwe mwema." "Mungu akulipe, Paulin." Kila pole ilimwingia kama mwiba, akashindwa kuinua macho. Aliona viatu tu, vya shule, vya sokoni, vyote vyeusi kwa vumbi la lava, kama viatu vya Goma vinavyotakiwa kuwa.

Kisha jozi moja, chini ya suruali ya kijivu, ikasimama mbele yake, safi, haina chembe ya vumbi. Mkono uliotiwa ndani ya wake ulikuwa mwepesi kama glovu tupu.

"Pole, shemeji."

Vidole vya Mama Umuhoza vikakaza mkono wake wa kushoto hadi mifupa ikalia. Yeye alikuwa ameinua uso. Yeye alikuwa anaona. Paulin naye angeweza kutazama. Aibu ilimlaza shingo chini.

"Asante kwa kufika," aliviambia vile viatu.