Bi Mhuri na Fundi wa Handaki

Foleni ilianzia mlangoni kwa Fundi, ikapita mbele ya choo, ikateremka ngazi mpaka ghorofa ya chini, na bado watu walikuwa wanakuja. Waraka ulitoka Jumatatu: mtumishi yeyote wa Wakala wa Vizazi na Vifo anayetaka kufanyia kazi nyumbani alete kompyuta yake, afunguliwe njia ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi. Mwisho Ijumaa saa tisa. Fundi mmoja, meza moja, watumishi mia tatu. Njia yenyewe walishaibatiza Handaki, maana Fundi alipoulizwa ni kitu gani alijibu, “Ni kama handaki. Unaingilia kwako, unaibukia ofisini, na katikati hakuna anayekuona.”

Ijumaa hiyo, saa nane na nusu, Bi Mhuri alikuwa bado kwenye ngazi. Jina hilo walimpa wenzake kwa sababu hakuna cheti cha kuzaliwa kilichotoka ofisi ile bila kupita mkononi mwake. Alivaa gauni la kijani lililomkaa kama lilishonwa akiwa ndani yake, kilemba cha njano, na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri. Mama yake alianguka bafuni wiki tatu nyuma, akavunjika nyonga. Likizo ilikuwa imekwisha, na jirani aliyekuwa akimkalia mgonjwa alishasema wazi kwamba mwisho ni wiki hii. Asipopata Handaki leo, Jumatatu atachagua kazi au mama.

Akaipasua foleni. “Samahani jamani, nina mgonjwa.”

“Hapa kila mtu ana mgonjwa!” alifoka mzee wa masjala.

“Wako anatembea, baba. Wangu hageuki kitandani.”

Fundi hakuinua hata uso. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mpaka viwikoni, macho mekundu kwa skrini. “Andika neno la siri. Herufi kumi na mbili, kubwa iwemo, namba iwemo, alama iwemo.”

Bi Mhuri akaandika. Likakataliwa. Akaandika jingine, likakataliwa kwa sababu lina jina lake. La tatu alilibamiza kwa hasira, na kompyuta ikafunga kila kitu.

“Umejifungia nje,” Fundi alisema.

“Mimi? Au wewe na alama zako?”

“Uliandika nini?”

“Si umesema siri?”

Hapo ndipo Fundi alipoinua uso, akamwona, na akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. “Haya, nakufungulia. Ila usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Wezi ndipo wanapoanzia.”

“Mwaka wangu wa kuzaliwa ndiyo siri kubwa kuliko zote katika jengo hili.”

“Namba ya simu?”

“Ya nini?”

“Kila ukiingia, mfumo utakutumia tarakimu sita za kuthibitisha ni wewe.”

“Mfumo tu ndio utakaonitafuta?”

“Mfumo tu,” Fundi alisema, akiiandika ile namba taratibu kuliko alivyoandika za wenzake wote. “Kwa leo.”

Bi Mhuri akaondoka na kibali cha miezi sita chenye sharti moja lililopigiwa mstari: kazi ifanyike nyumbani kwa mtumishi, si penginepo. Atakayeonekana kwingine, kibali kinafutwa.

Basi Jumatatu ikafika, na balaa likaanza. Tarakimu sita zilikuwa na uhai wa nusu dakika, na simu ya Bi Mhuri ilizipokea baada ya dakika mbili. Kwenye skrini kiduara kilizunguka, kikazunguka.

“Bado kinazunguka hicho?” mama aliuliza kutoka kitandani.

“Bado, mama.”

“Basi kizimwe kipumzike. Hata feni huzimwa.”

Akampigia Fundi. “Tarakimu zako zinanifikia zikiwa maiti.”

“Ziandike haraka.”

“Niandike nini? Zinakuja kwa miguu! Nimekaa hapa tangu saa mbili kama mtu anayesubiri ngoma isiyopigwa.”

“Usikasirike, Bi Mhuri. Ukikasirika unaandika vibaya.”

“Nani kakwambia nimekasirika?”

“Umekosea mara nne. Naona hapa.”

Kila kero ikazaa simu, na kila simu ikawa ndefu kuliko kero iliyoizaa. Mwezi wa kwanza alimwita Fundi. Mwezi wa pili akamwita wewe. Mwezi wa tatu akamwita mpenzi, kwa sauti ya chini, maana mama alikuwa na mifupa mibovu lakini masikio mazima. Jumapili moja Fundi alikuja kurekebisha kisanduku cha intaneti pale sebuleni, kazi ya dakika kumi, akaondoka baada ya saa nne. Bi Mhuri akamweleza kila kitu, hata habari za mchumba wake wa zamani aliyehamia mji wa mpakani, mwendo wa siku nzima kwa basi.

“Yaliyopita si ndwele,” Fundi alisema, ila aliuliza jina la mji ule mara mbili.

Wakapanga. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Fundi angekuja na shangazi yake aliyemlea, wakae na mama, neno lisemwe.

Jumatano kabla ya Jumamosi hiyo, umeme ukakatika. Kisanduku cha intaneti kikafa. Bi Mhuri alikuwa na vyeti mia na sitini vya watoto wa mtihani, mwisho saa kumi jioni, na kompyuta ina chaji ya kuhesabika. Akaiunganisha kwenye simu yake, akaingia Handakini, akaanza kupitisha cheti kimoja kimoja huku jasho likimtiririka. Saa sita Fundi akapiga.

“Uko wapi?”

“Nyumbani. Wapi tena?”

“Nyumbani kwa nani?”

“Mpenzi, betri inakufa. Utani tuuweke mpaka saa kumi.”

“Nimeuliza. Nyumbani kwa nani?”

“Kwa babu yako!” akacheka, akakata simu, akarudi kwenye cheti cha thelathini na tano.

Kumbe mwenzake hacheki. Saa saba kasoro skrini ikageuka nyekundu: akaunti imefungwa, wasiliana na msimamizi. Msimamizi ndiye mpenzi. Akapiga mara saba, haikupokelewa. Mara ya nane ikapokelewa na sauti ya kiofisi.

“Mtumishi, kumbukumbu zinaonyesha uko mji wa mpakani tangu saa tatu asubuhi. Taarifa nimeipeleka kwa Mkuu wa Utawala.”

“Mtumishi? Mimi?”

“Ungeniambia tu kwamba mmerudiana. Ningeumia, ningenyamaza.”

“Umelewa? Niko na mama hapa, namgeuza! Mama, ongea!”

“Niongee nini, mwanangu?” mama alisema, lakini simu ilishakatwa.

Bi Mhuri akaketi sakafuni na vile vyeti mia na kumi visivyopita. Hata hasira ilikuwa haijui ianzie wapi. Aanze na umeme? Na mfumo? Au na mwanamume anayeamini mashine kuliko mdomo aliozoea kuubusu? Jioni ujumbe ukaingia kutoka kwa Mkuu: fika ofisini kesho saa nne ujieleze, vinginevyo kibali kinafutwa.

Jirani alikubali kukaa na mgonjwa kwa saa mbili, na si dakika zaidi.

Mapokezini alimkuta shoga yake, yule ambaye ukimpa siri asubuhi, mchana unaletewa ikiwa imeongezewa chumvi.

“Pole, shoga. Ofisi nzima inajua ulimfuata yule wa zamani.”

“Nani kasema?”

“Nimesikia kwa watu watatu. Wawili niliwaambia mimi.”

“Shoga!”

“Nisamehe, nami nina mdomo. Ila huko mpakani mimi mwenyewe naenda kila siku. Jana hapa jua linachoma utosi, simu yangu inaniambia nibebe mwavuli, huko kwetu mpakani inanyesha. Kwetu! Sijawahi hata kupita.”

Bi Mhuri akageuka. “Inasema hivyo hata ukiwa umekaa hapa?”

“Nikiwasha intaneti ya laini. Ya ofisi haina neno.”

“Laini yako si ndiyo kama yangu?”

“Tulizinunua siku moja, umesahau?”

Bi Mhuri, kompyuta kwapani, hakuwapo tena. Alishapanda ngazi, mbili mbili.

Mkuu wa Utawala alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye kamba shingoni, mtu asiyependa kelele. Fundi alisimama pembeni ameshika karatasi aliyoichapa, hamtazami mtu. Shati lile lile la jana.

“Binti, jieleze,” Mkuu alisema.

“Mama, naomba akaunti ifunguliwe dakika tano tu, nijieleze kwa vitendo.”

Mkuu akamwashiria Fundi kwa kichwa. Fundi akaifungua kwenye kompyuta yake. Bi Mhuri akaiunganisha kompyuta kwenye simu yake, akaiweka mezani. Tarakimu sita zikafika zimeshakufa. Akaomba nyingine, nazo zikafa. Mkuu akavaa miwani, akavua. “Ndivyo inavyokuwa kila siku?”

“Kila siku, mama. Leo ina haraka.”

Za tatu zikakubali.

“Sasa Fundi atazame niko wapi. Asome kwa sauti, kama alivyowasomea wengine.”

Fundi akatazama skrini yake. Akaisogelea, akaisoma upya, mpaka Mkuu akagonga meza kwa kalamu.

“Inasema yuko mji wa mpakani.”

“Basi tumefika,” Bi Mhuri alisema. “Karibu mpakani, mama. Wote tumekuja, hata Fundi.”

Mkuu hakucheka. “Fundi, hii ni nini?”

“Kampuni ya laini ina mtambo wake kule, Mkuu. Anayetumia intaneti ya simu yao huonekana yuko mpakani hata akiwa hapa.”

“Jana hukulijua hilo?”

“Ninalijua. Mwongozo ni wangu, nimeliandika ukurasa wa pili.”

“Sasa?”

Fundi akaikunja ile karatasi mara mbili, mara nne. “Niliona jina la mji ule nikaacha kufikiri. Mfumo hauna kosa. Ulikuwa wivu wangu, Mkuu, na nitauandika hivyo kwenye taarifa.”

Akaandika, tena kwa mkono wake. Kibali cha Bi Mhuri kikabaki, vyeti vikaongezewa siku hadi Jumatatu. Fundi akaondolewa kwenye meza ya kumbukumbu, asitazame tena nani yuko wapi. Na kwa kuwa Mkuu hakuziamini tena mashine, akaamuru nyumba zote za wenye kibali zikaguliwe kwa macho, na mkaguzi ni Fundi, kwa miguu yake, fomu mkononi.

Kwenye ukumbi Fundi akamkimbilia Bi Mhuri. “Mpenzi, nisikilize...”

“Mtumishi. Si ndivyo ulivyoniita?”

“Na Jumamosi? Shangazi ameshashona nguo.”

“Jumamosi nina vyeti mia na kumi ulivyonifungia.”

Ikapita Jumamosi, ikapita na wiki iliyofuata. Fundi akipiga, alijibiwa: kama ni ya kazi, andika barua pepe. Akaandika barua pepe. Alijibiwa: imepokelewa. Na Bi Mhuri, baada ya kulituma jibu hilo kavu, alilisoma mwenyewe mara tano, akaichukia kompyuta, akamchukia Fundi, akajichukia kwa kumkumbuka.

Jumanne saa tano hodi ikapigwa. Fundi alikuwa mlangoni, jasho mgongoni, viatu vimebadilika rangi kwa vumbi.

“Nimekuja kukagua makazi. Nyumba ya arobaini na mbili.”

“Kagua.”

Akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umepotea, mwanangu. Huyu ameninunia mimi badala yako, na mimi sikufunga akaunti ya mtu.”

“Mama!”

“Nimesema uongo? Uliza, baba, uliza maswali yako.”

Fundi akasoma fomu. “Mtumishi anaishi hapa?”

“Anaishi, na analia akidhani nimelala.”

“Silii,” Bi Mhuri alisema.

“Andika analia.”

Kalamu ikabaki hewani. Fundi akaiweka chini fomu, akamgeukia Bi Mhuri. “Ulinijibu kweli, nikaenda kuiuliza mashine. Sina la kujitetea. Nilikaribia kumkosesha mama mtu wa kumgeuza, kwa sababu ya wivu.”

“Shangazi yako anajua?”

“Nilimwambia... una kazi nyingi.”

“Yaani mpaka leo mbaya ni mimi.” Akavuta kiti, akaketi mbele yake. “Mpigie. Sasa hivi, mbele ya mama, sauti iwe juu. Mweleze ulichofanya.”

Fundi akapiga. Akaeleza yote, bila kupamba, kijasho kikimdondoka puani. Upande wa pili sauti ikalipuka mpaka mama akashika shuka.

“Wewe! Nimekulea miaka ishirini, leo unamchungulia binti wa watu kwenye kompyuta? Halafu unaniambia ana kazi nyingi, nami nimeshamsema kwa majirani kwamba ana maringo! Nitawaangalia kwa uso gani? Yuko hapo? Mpe simu!”

Bi Mhuri akaichukua. “Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Umemsamehe huyu mjinga?”

Akamtazama Fundi pale sakafuni, na mama aliyejifanya amefumba macho.

“Bado, shangazi. Lakini njooni Jumamosi. Mpaka mfike nitakuwa nimemaliza kununa.”