Bega la Nyuma

Rafiki yangu Maneno si mtu wa kutunga maneno, na hili alinisimulia mwenyewe. Walikuwa wamebeba sanduku la Mdachi kwenye barabara mpya ya mlimani, likining'inia kwenye mti waliouweka mabegani, yeye mbele, shemeji yake Mosi nyuma. Likivunjika, viboko ishirini na tano kila mmoja. Ukungu ukashuka hata wasionane.

“Shimo,” Maneno alionya kila mara.

“Nimeliona,” akajibiwa kutoka nyuma.

Wakapita kona saba hivyo, mti ukilia mabegani. Ndipo Mosi akaita kutoka mbali kule bondeni, “Shemeji, nisubiri, niliteleza kona ya kwanza.”

Maneno akaishusha ncha yake ya mti taratibu mpaka chini. Ncha ya nyuma ikabaki juu, usawa wa bega.