Mkate Uliochagua Kiongozi

Enyi mlioketi mikekani, na enyi mlioketi mapajani mwa wakubwa wenu, nawaamkia kwa heshima. Naomba masikio yenu. Nimekuja na habari ya nchi iliyo mbali, na ya mtoto aliyekuwa mdogo.

Mtoto huyo aliitwa Darae. Alikuwa na miaka minne. Aliishi zamani sana, katika nchi ya Silla, pamoja na bibi yake na kaka yake, Bau.

Nyumba yao ilikuwa kando ya shamba la mpunga. Mpunga ulikuwa umeiva. Ulikuwa wa rangi ya dhahabu, nao uliinamisha vichwa.

Shomoro walijua kuwa umeiva. Chi, chi, chi. Walishuka wengi, wakala.

Kazi ya kuwafukuza ilikuwa ya watoto. Mtoto mmoja aliongoza. Yeye alichukua ngoma, na wenziwe walimfuata.

"Ngoma nitachukua mimi," alisema Bau. Bau alikuwa na miaka saba.

"Kwa nini wewe?" aliuliza Maru, mtoto wa jirani. "Mimi ni mrefu kuliko wewe."

"Hata mwanzi ni mrefu," alisema Bau, "na ndani hauna kitu."

"Nami nitakwenda," alisema Darae.

"Wewe utabaki na kuku," alisema Bau.

Darae alibaki na kuku jana. Alibaki na kuku juzi. Leo hakutaka kubaki na kuku. Leo alitaka kwenda shambani.

Ubishi ukaendelea. Shomoro nao wakaendelea. Chi, chi, chi.

Bibi alikuwa akitwanga wali mzito kinuni. Twa, twa, twa. Akaweka mchi chini.

"Ninyi mnagombania ngoma," alisema. "Wafalme wetu waliachiana kiti."

"Wafalme gani, Bibi?" aliuliza Maru.

Bibi akasimulia. "Hapo mwanzo palikuwa na vijiji sita, wala hapakuwa na mfalme. Siku moja watu wakaona nuru kando ya kisima. Farasi mweupe alikuwa amepiga magoti mbele ya yai."

"Farasi alitaga yai?" aliuliza Darae.

"Hakutaga, mjukuu wangu. Alilipigia magoti tu. Yai likapasuka, ka, ka, ka. Ndani yake akatoka mtoto. Huyo akawa mfalme wetu wa kwanza."

"Na yeye hakubaki na kuku," alisema Darae.

"Nyamaza," alisema Bau. "Bibi, endelea."

"Mfalme wa pili alipokufa, kiti kikabaki kitupu. Mwana wa mfalme huyo akamwambia shemeji yake, 'Keti wewe.' Shemeji akasema, 'La, keti wewe.' Kisha shemeji akasema, 'Tuume mkate. Mwenye hekima huwa na meno mengi.' Wakauma. Alama za mwana wa mfalme zikawa nyingi zaidi. Basi akaketi yeye."

Maru akamtazama Bau. Bau akamtazama Maru.

"Na sisi tuume," walisema.

Bibi akaufinyanga ule wali. Ukawa mkate wa mchele, mweupe, laini, wenye kunata. Akaukata vipande. Akaimba kwa sauti ya chini:

*Uma, uma, taratibu,*
*mkate utatujibu.*

Maru akauma. Wote wakatazama. Pembeni palikuwa na alama. Katikati hapakuwa na kitu, maana meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka.

"Katika pengo hilo shomoro angepita," alisema Bau.

*Uma, uma, taratibu,*
*mkate utatujibu.*

Bau akauma. Wote wakatazama. Juu palikuwa na pengo. Chini palikuwa na pengo.

"Na katika hilo lako," alisema Maru, "angepita kuku."

"Nami niume," alisema Darae.

Bau akacheka. "Aume tu. Hata kuku angeuma."

"Kuku hana meno," alisema Darae.

*Uma, uma, taratibu,*
*mkate utatujibu.*

Darae akauma. Akautoa mkate kinywani, polepole. Wote wakainama.

Alama zilikuwa zimejipanga kama shanga uzini. Hapakukosekana hata moja.

Bau akazihesabu.

"Mkate umekosea," alisema Bau.

"Mkate hauna upande," alisema Bibi.

"Lakini Bibi, huyu ni mdogo. Hajang'oka hata jino moja."

"Ndiyo maana anayo yote. Mlitaka mkate useme. Umesema."

Darae akapewa ngoma. Ngoma ilikuwa nzito. Hakuweza kuibeba, akaiburura mpaka shambani. Krr, krr, krr.

Mpunga ulikuwa mrefu kuliko Darae. Aliona mabua ya kulia. Aliona mabua ya kushoto. Shomoro hakuwaona.

Akapiga ngoma. Tu.

Hakuna ndege aliyeruka. Shomoro mmoja alikuja karibu kutazama.

"Haya, kiongozi," alisema Bau. "Tufanye nini?" Alisema hivyo kwa kumcheka. Maru naye akatazama mawingu.

Chi, chi, chi. Mpunga ulikuwa unaliwa. Nao ndio uliokuwa chakula chao cha wakati wa theluji.

Darae akatazama juu. Akamtazama kaka yake.

"Kaka Bau," alisema, "inama."

"Niiname kwa nini?"

"Inama. Mkate umesema."

Bau hakupenda. Lakini akainama. Darae akapanda mabegani mwake, akashika masikio yake.

"Usivute," alisema Bau.

"Sivuti. Maru, chukua ngoma. Wewe una mikono mirefu."

Bau akasimama. Sasa Darae aliona shamba lote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliona mpunga ulipotikisika.

"Kule," alisema, "penye jiwe."

Bau akakimbia. Maru akapiga ngoma. Du, du, du.

*Ruka, ndege, nenda zako,*
*mpunga huu si wako.*

Prrr. Shomoro wakaruka.

"Sasa kule, penye mfereji."

Du, du, du.

*Ruka, ndege, nenda zako,*
*mpunga huu si wako.*

Prrr. Shomoro wakaruka tena.

Wakawafukuza penye jiwe, na penye mfereji, na penye njia. Jua likashuka. Shamba likawa kimya. Mpunga ulibaki umesimama, na punje zake zilikuwapo.

Watoto wakarudi nyumbani. Maru alibeba ngoma. Bau alimbeba Darae.

"Umekuwa mzito," alisema Bau.

Darae alikuwa amelala. Shavu lake lilikuwa juu ya kichwa cha kaka yake.

Wakafika mlangoni.

"Mshushe sasa," alisema Maru. "Mabega hayakuumi?"

"Yananiuma," alisema Bau. "Lakini kiongozi hajasema nimshushe."

Akaingia ndani, taratibu, mpaka kwenye mkeka. Bibi akamfunika Darae. Bau naye akalala ubavuni pake.

Nchi ya Silla ilidumu karibu miaka elfu moja, kisha ikapita. Leo makaburi ya wafalme wake ni vilima vya kijani katikati ya mji wa Gyeongju, huko Korea, na watoto hupita kando yake wakienda shule. Na habari ya wale wawili walioachiana kiti ingali inasimuliwa.

Aliyenisimulia mimi, mara ya kwanza, ni Bi Seo Malsun.