Koti Lisilochanika Kwapani

Koti la yule bwana lilichanika kwa mlio uliosikika hadi mlangoni mwa duka la vitambaa.

Zilikuwa zimesalia wiki tatu kabla ya sikukuu, na duka lilifurika watu hata sindano isingepata pa kuangukia. Fundi alikuwa akilinyooshea mkono jora la samawati lililokuwa juu kabisa ya rafu, bega lake likakataa. Mwanamume mrefu aliyevaa koti jeupe la hospitali akamwahi, akainua mikono yote miwili, na papo hapo kwapa la koti likafunguka, shati la manjano likachungulia.

Fundi, aliyekuwa amevaa gauni la kijani kibichi na tepu ya kupimia shingoni kama mkufu, akaangua kicheko.

"Pole, kaka. Aliyekushonea koti hili alikupima ukiwa umelala?"

"Aliniambia nisiinue mikono," akajibu yule bwana, akimkabidhi jora. "Na kazi yangu ni kuinua mikono kutwa nzima. Ninawanyoosha watu viungo hospitalini."

"Basi leo umejinyoosha mwenyewe!"

"Cheka tu, dada. Bega lako la kulia nimeliona. Linauma tangu lini?"

"Tangu watu waanze kuvaa nguo."

Wakaagana wakiwa wamepeana namba za simu, yeye kwa ajili ya koti, bwana kwa ajili ya bega. Hivyo ndivyo kila mmoja alivyojidanganya.

Tangu siku hiyo simu ikawa haitulii.

"Mpenzi, umevuta pumzi leo?"

"Nisingevuta ningekupokelea simu kutoka wapi?"

"Pumzi ya kweli, Fundi. Ya kushuka mpaka tumboni."

"Tumbo langu lina mapindo ya magauni. Nipende kwanza kwa simu, kipenzi. Baada ya sikukuu nitapendeka vizuri zaidi. Koti lako nalo lisubiri foleni."

Hakuwa akitania. Duka lake la ushonaji alilirithi kwa mama yake, na kwa miaka kumi na mmoja hapakuwa na mteja hata mmoja aliyeikosa nguo yake siku ya sikukuu. Mwaka huu alikuwa amepokea nguo sitini na mbili, kwa cherehani nne na mafundi wasichana watatu. Mama mwenyewe aliketi dirishani akikaza vifungo, mabega yake yakiwa yamekakamaa kwa miaka mingi ya kuinama, hata asiweze kujichana nywele. Kila asubuhi Fundi ndiye aliyemchana, na kila asubuhi alijiambia kwamba mgongo ule uliopinda ndio uliomsomesha, na kwamba jina la duka lile halitaanguka mikononi mwake.

Mnyoosha Viungo akaanza kupita pale saa ya mapumziko ya mchana. Alimwamkia Mama kwa heshima, kisha akachuchumaa mbele ya kiti chake.

"Pandisha mabega mpaka masikioni, Mama. Yaachie yaanguke. Sasa vuta pumzi puani taratibu, kama unanusa ua. Itoe mdomoni kama unapoza chai."

"Mwanangu, nikipona nitakushonea suruali," Mama akasema.

"Ukipona utapumzika," akamjibu, na Mama akacheka mpaka vifungo vikamwagika.

Zikasalia siku nne. Fundi akatoka kwenda kununua zipu, na aliporudi akasimama kwenye ngazi. Duka lilikuwa kimya. Hapakuwa na mlio wa cherehani hata moja. Ndani akawakuta wasichana wote watatu wamesimama, macho wameyafumba, mikono wameielekeza darini, na Mnyoosha Viungo katikati yao, kwapa la koti lake limebanwa kwa pini.

"Nani amezima cherehani zangu?"

Mama akafungua kinywa. Mnyoosha Viungo akamtangulia.

"Lawama ni yangu, Fundi. Nisamehe."

"Nimewahi kuingia hospitalini kwako nikawafukuza wagonjwa vitandani? Duka hili limejengwa kwa mgongo wa mama yangu!"

"Ndiyo maana ninauogopea mgongo wako."

Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli, naye akayajibu kama mtu aliyechomwa.

"Toka. Usirudi hapa kunipangia kazi."

Akatoka kwa adabu, akimuaga Mama. Jioni simu ikaita mara tatu. Fundi akaigeuza kifudifudi mezani. Akashona kana kwamba anafukuzwa. Mishono ikaenda upande, akafumua mikono ya magauni mawili, akaishona tena, akaifumua tena.

Asubuhi yake shingo ilikuwa imekaza kama ubao. Alikamata kitana amchane Mama, mkono ukaishia kifuani.

"Keti," Mama akasema.

"Mama, wewe huwezi..."

"Nimesema keti."

Fundi akaketi sakafuni, kama alivyoketi utotoni. Akahisi kitana kikigusa utosi wake. Kilipanda polepole, kikatetemeka, kikashuka; kikapanda tena. Akageuka. Mkono wa mama yake ulikuwa umeinuka kupita sikio.

"Cherehani nilizizima mimi," Mama akasema. "Nani mwingine ana ubavu huo humu? Wasichana walikuwa wanalia kwa maumivu, wanakuficha."

"Mbona hakusema?"

"Alitaka umlipukie yeye, usinilipukie mimi mbele ya watoto wa kazi. Mwanamume anayebeba makosa ya mama mkwe kabla hajawa mkwe, huyo unamfukuza, mwanangu? Miye ningemfungia mlango asitoke!"

Fundi akacheka huku machozi yakimtoka. Mama akamwekea kiganja mgongoni.

"Vuta pumzi. Mimi nilishona miaka thelathini bila kupumua, nikadhani ndiyo bidii."

Kuanzia siku hiyo, kila saa ilipotimia Mama aligonga meza kwa mkasi. Cherehani zikanyamaza, mabega yakapanda na kuanguka, pumzi tano zikaingia na kutoka, kisha kazi ikaendelea. Nguo za kufumuliwa, zilizokuwa tisa au kumi kila jioni, zikabaki mbili. Adhuhuri ya mkesha wa sikukuu nguo ya sitini na mbili ilitoka mlangoni mikononi mwa mwenyewe, na Fundi akasimama katikati ya duka tupu, shingo imenyooka, akijua kwamba jina halikuanguka.

Kisha akakata kitambaa cheupe. Hakuhitaji vipimo, macho yake yalikwisha kupima siku nyingi.

Alasiri akaingia katika chumba cha mazoezi cha hospitali. Wazee watano walikuwa vitini, mikono mapajani, wakimtazama Mnyoosha Viungo na koti lake la pini.

"Vua hilo," Fundi akasema.

"Mbele ya wagonjwa wangu?"

"Kwapa lako wamekwisha kuliona. Nilikufukuza mbele ya watu, nami nimekuja kukuomba radhi mbele ya watu. Mama amenieleza. Amenichana nywele, mpenzi. Kwa mkono wake mwenyewe."

Macho ya Mnyoosha Viungo yakalowa. Akalipokea koti jipya mikononi mwa Fundi, akalivaa.

"Inua mikono. Yote miwili, mpaka mwisho."

Akainua. Chumba kizima kikatega sikio. Chini ya kila kwapa Fundi alikuwa ametia kikwapa, kipande kidogo cha pembe nne kinachoupa mkono nafasi ya kupanda. Hakuna uzi uliolia.

"Halichaniki," akasema Mnyoosha Viungo kwa mshangao.

"Nimelishona mimi."

Hakuishusha mikono. "Fundi, sasa nimesimama kama mtu aliyesalimu amri."

"Umesalimu?"

"Tangu siku ile ya jora la samawati. Nikubali niwe mumeo."

Fundi akavuta pumzi puani, taratibu, mpaka ikashuka tumboni.

"Binti, jibu upesi!" mzee mmoja akapaza sauti. "Sisi huku tumebana pumzi!"

"Toeni pumzi, wazee wangu," Fundi akasema, mabega yakishuka yenyewe. "Nimekubali."