Swali Kwenye Sanduku la King'ora

Uelese aliwaambia wa nyumbani kwao, hapo kijijini, anakwenda kukaza skrubu mbili tu za king'ora. Jua lilikuwa linazama upande wa pili wa kisiwa cha Savaii, na punde baragumu la kombe lingepulizwa kuanza sala ya jioni. Likilia, kila mtu hukaa ndani na jamaa zake, njia zote zinabaki tupu. Fundi wetu alikuwa akiutaka wakati huo huo.

Bibi Makerita alikuwa kizingitini, hatua chache kutoka nguzo ya king'ora.

"Fundi wa Apia! Umerudi kunitafutia kosa jingine?"

"Hapana, Bibi. Naangalia tu."

"Angalia vizuri basi. Kesho baraza linanihukumu kwa maneno yako."

Akaingia ndani. Uelese hakuthubutu kumtazama usoni.

King'ora cha tsunami kilikataa kulia siku ya majaribio, na Uelese akasimama mbele ya wazee akasema Makerita, mtunzaji wake, aliacha sanduku wazi, maji ya chumvi yakaingia. Uongo mtupu. Ni yeye aliyebadilisha mipangilio ya kompyuta ndogo ya humo ndani, akiwa ofisini Apia, mji mkuu, akaivuruga. Tena, kwa kujitia ujuzi, alikuwa ameufunga mlango wa waya, ule anaoingilia fundi mtandao ukikatika. Na mtandao ukakatika. Sasa alitaka kurekebisha kimya kimya na kuondoka. Lawama abaki nazo bibi wa watu.

Baragumu likalia.

Kijiji kikanyamaza.

Akafungua sanduku, akaiunganisha kompyuta ya humo na laptop yake kwa waya, akaiwasha. Kompyuta ya namna ile, inayotumia Linux, ikiamka humwaga mistari mingi ya maneno, kisha huomba jina la anayeingia. Mistari ikashuka... ikakoma. Haikuomba jina. Akabadilisha nyaya mbili, hii huku na hii kule. Akabadilisha kasi ya mawasiliano. Wapi! Mwishowe akachomoa kadi ya kumbukumbu, akaisoma kwenye laptop, akaukuta ule mstari wa mlango wa waya, aliouzima kwa mkono wake mwenyewe akasahau. Uso ukamwaka kwa aibu, ingawa hakuwapo wa kumwona. Akaurudisha, akaipachika kadi, akawasha tena.

Mistari ikashuka.

Ikakoma.

Kisha ikaja harufu... mafuta ya nazi yaliyotiwa maua, yale wanayopakwa maiti.

Kwenye skrini pakaandikwa kwa Kisamoa, lugha ambayo kompyuta ile haikufundishwa na mtu: *Nani wewe?*

Akaandika jina lake.

*Nani aliharibu?*

Akaondoa mikono kama aliyeungua. Swali likarudi, na sasa lilitoka ndani ya sanduku, kwa mnong'ono.

"Nani aliharibu?"

Aliijua sauti. Ilikuwa ya Tuiloma, marehemu mume wa Makerita, aliyelala chini ya kaburi la saruji mbele ya nyumba ile.

"Mimi," Uelese akanong'ona.

"Mbona umemsingizia mke wangu?"

"Niliogopa kuchekwa, Mzee. Mtu mzima, fundi wa Apia... Bibi Makerita hana kosa. Kosa ni langu lote."



Baragumu la kumaliza sala likalia. Watu wakatoka na taa, wote wakielekea kwake. Hapo ndipo alipoiona taa nyekundu ya kipaza sauti cha matangazo, humo sandukuni. Ilikuwa inawaka. Hakuigusa, angeapa kwa lolote.

Makerita alitangulia kufika. "Tumekusikia. Kijiji kizima."

"Basi mmemsikia na Mzee."

"Mzee yupi?"

"Tuiloma. Si alikuwa akiniuliza!"

Bibi akatikisa kichwa. "Hatukusikia swali lolote, mwanangu. Tulikusikia wewe tu, unajibu."

Hakuna aliyecheka. Angeshukuru kama wangecheka. Aliinamisha kichwa, akatamani ardhi immeze, akanyoosha mkono aifunge laptop. Makerita akamshika kiganja.

Kwenye skrini palikuwa na mstari mpya, na huu bibi naye aliuona. Akausoma polepole, kwa sauti.

"*Na lile kosa lingine?*"

Kwa mkono wa pili, Uelese akauchomoa waya upesi.

"Lipi hilo, mwanangu?" Makerita akauliza.