Ala ya Kisu cha Isaiah

Jua lilikuwa linazama nilipotoka mtoni na ndoo ya maji ya kulowekea ngozi. Mimi ni mfua visu hapa pembeni mwa msitu wa Kakamega, na naishi peke yangu. Nikipika ugali, nusu yake inalala. Sina hata paka wa kugombeza.

Nilipofika uani, mtu alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mvukuto.

Hakuwa amebisha hodi. Kofia ilimfunika uso. Na kulikuwa na harufu... ya mgomba uliokatwa sasa hivi. Kwangu hakuna migomba.

"Nitengenezee kisu ya kuwinda," alinong'ona. "Na ala yake."

Nywele zilinisimama. Sauti ilikuwa ya ndugu yangu Isaiah.

Isaiah alikuwa mwindaji. Mwaka wa 1993 aliingia msituni, hakutoka. Tulimtafuta mpaka tukachoka, kisha wazee wakafanya kama inavyofanywa mwili usipopatikana: wakakata mgomba, wakauvika shuka, wakauita kwa jina lake, wakauzika. Tuliulilia mgomba ule kweli kweli. Mkewe Jescah akarudi kwao. Mimi nikabaki na kaburi la kufyeka nyasi.

Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nilikuwa na hamu ya ndugu yangu.

"Isaiah?" nikauliza.

 Akainua kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kitu.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo... Isaiah."

Kisu cha mwindaji hakifuliwi kwa kukisia. Mpini lazima ukae kwenye kiganja cha mwenyewe, kwa hivyo mteja wangu hufinya donge la udongo mbichi, nami nachonga mti kwa kufuata alama ya mkono wake. Nilimpa donge, akalifinya. Alipoondoka nikalisogeza karibu na koroboi.

Vidole vitano vilikuwepo. Lakini kiganja hakikuwa na mistari kama chako na changu. Kilikuwa na nyuzi, zimenyooka, kutoka juu mpaka chini.

Nilizima taa. Sikumwambia mtu.

Akawa anakuja kila jioni. Nilifua kisu kutoka springi ya lori, nikachonga mpini wa mti wa mpera. Yeye anakaa tu, mimi naongea. Nilimsimulia ng'ombe wetu aliyekufa, paa linalovuja, na watu wanaopita barabarani bila kunisalimu. Hakula wala kunywa. Lakini alinisikiliza, na nilifurahi, kwa nini nidanganye? Nikaanza kuchelewesha kazi. Ala niliishona, nikaifumua, nikaishona tena.

Ala nzuri hufinyangwa juu ya kisu chenyewe. Unakizungushia kisu ngozi ikiwa mbichi, unaiacha ikauke nacho ndani, ili isikiachilie mpaka mwenyewe akivute. Jioni moja aliishika kabla haijakauka. Kesho yake pale alipogusa palikuwa na doa jeusi. Nilisugua kwa sabuni, nikasugua kwa jivu. Wapi! Kila mkulima anajua kinachoacha doa la namna hiyo. Ni utomvu wa mgomba.

Mwishowe ngozi haikuweza kufumuliwa tena. Akafunga ala kiunoni.

"Unaenda kuwinda nini?" nikamuuliza.

"Mwenye jina."

"Nani huyo?"

Akachomoa kisu. Akakirudisha. Tsk.

"Anarudi," akanong'ona. "Na Isaiah ni mimi."

Asubuhi Jescah alikuja mbio, hana viatu.

"Shemeji! Isaiah ako hai!"

Alikuwa amekutana naye mjini. Kumbe siku ile alikamatwa na askari wa msitu akiwa na nyama ya paa, akafungwa jela mbali huko, na hakuna aliyetuletea habari.

"Ako wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Mzee Osiako amesema asikanyage hapa mpaka ile mgomba itolewe."

Wazee wakafukua kaburi, Mzee Osiako akiwaongoza. Udongo ulikuwa mgumu, nyasi hazijaguswa. Chini wakakuta shuka, imekunjwa vizuri.

Ndani hamkuwa na kitu.

Mzee Osiako alinitazama. "Shitanda. Kuna mtu amekujanga kwako?"

Nikamweleza yote.

"Ukamwita kwa jina?"

"Nilimwita."

"Jina tulizika hapa," akasema. Akaketi juu ya udongo. "Wewe ndio umemfungulia. Na kisu umempatia."

Ikaamuliwa Isaiah ahame kabla ya jua kuzama, aende mahali ambapo yule hapajui. Nilimwona ndugu yangu kutoka ukingo wa huku tu. Amekonda, amejaa mvi. Akanipungia mkono, akaita, "Ndugu yangu, uko salama?" Nilitaka kuvuka. Mzee Osiako akanishika shati, nami nikalia mbele za watu bila haya. Jescah, ambaye alikuwa anaenda naye, aliniambia sikioni wanakokwenda. Lugari, kwa mjomba wake.

Jioni hiyo harufu ikarudi uani.

"Amekwenda wapi?" akauliza yule, kwa sauti ya Isaiah, kwa upole kabisa.

Nikanyamaza. Akangoja kidogo, akaondoka, na nyumba ikawa kimya mpaka nikasikia masikio yangu yakilia.

Tangu siku hiyo anauliza kila jioni. Nimegundua nikinyamaza anaondoka, nikiongea anakaa. Basi naongea. Naongea chochote. Kuku, kanisa, makali ya panga. Namchukia, namwogopa, na jua likianza kushuka najikuta natazama njia anayopitia.

Jioni hii nilikuwa namwambia habari za mvua. Nikasema huku kwetu imezidi, mahindi yanaoza shambani, afadhali wenzetu wa Lugari...

Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Akainuka.

"Asante, ndugu yangu," akasema. Hajawahi kuniaga hata siku moja.

Nimekimbia mpaka barabarani. Magari ya Lugari yamekwisha, ni giza tu na vyura. Nimerudi, nimekaa kwenye benchi pale anapokaa. Bado kuna unyevu.

Nimeanza kuita jina la Isaiah. Sijui namwita yupi.