Sekunde Arobaini za Darasa la Mastura

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, maduka ya vitabu mjini Nakuru hufurika mpaka watu wanasukumana mlangoni. Mastura alikuwa amepanga foleni karibu nusu saa, buibui lake limekunjamana mabegani kwa kubanwa, alipofika kwenye kaunta na kuomba karatasi za manila thelathini. Mwenye duka akamwambia zimebaki thelathini tu, na yule bwana aliye kando yake ameshaziomba.

Bwana mwenyewe alikuwa mrefu, shati la samawati limepigwa pasi likanyooka, kalamu mbili mfukoni. Akasema wagawane nusu kwa nusu. Kisha akamuuliza anaenda kuzifanyia nini.

"Kuzikata vipande," Mastura akajibu.

"Zote?"

"Zote. Na wewe?"

"Naandika jedwali la kuzidisha, natundika ukutani. Karatasi nzuri hivi inakatwa kwa nini?"

"Zionee huruma zako, bwana. Zangu niachie mimi."

Alicheka, akajitolea kumbebea mzigo. Mastura akamwambia abebe, lakini mwisho ni mlangoni. Walifika mlangoni, wakasimama pale juani wakiongea hadi mlinzi akawaomba wapishe wateja. Jina lake lilikuwa Ubaid. Alikuwa amerudi Nakuru baada ya kufundisha Naivasha miaka kumi, na sasa alifundisha hisabati katika shule ya sekondari ya chini upande wa pili wa mji. Siku ile waliachana wakiwa na namba za simu za kila mmoja.

Ilikuwa mara ya pili kukutana, juu ya sahani ya viazi karai, walipogundua kwamba wako pande mbili za ugomvi mmoja. Mwaka ule ofisi ya elimu ya kaunti yao ndogo ilitaka shule zote arobaini na sita zibadilishe namna ya kufundisha hisabati. Badala ya mwalimu kuandika kanuni ubaoni na watoto kunakili, watoto wangeshika vitu, wakate, wapime, wakunje, kisha wabishane wao kwa wao kabla mwalimu hajatoa jibu. Shule mbili zilichaguliwa kuijaribu, na shule ya Mastura, alikofundisha Gredi ya Tano, ilikuwa mojawapo. Mwezi wa kumi na moja walimu wakuu wangepiga kura. Na mtu aliyetakiwa kuwapa ushauri siku hiyo, mwenyekiti wa jopo la walimu wa hisabati, alikuwa Ubaid.

Naye hakuificha imani yake. Alimwambia waziwazi kwamba mtoto akiingia kwenye mtihani hapewi nafasi ya kubishana na mtu. Mastura akamwambia kwamba watoto wanaokariri ndio haohao wanaofika kwake hawajui kama nusu ni kubwa kuliko theluthi. Walibishana hadi chai ikapoa. Walipoinuka, Ubaid alimsaidia kuvaa koti, na mkono wake ukakawia begani pake kidogo kuliko ilivyohitajika.

Hivyo ndivyo yalivyoanza mapenzi yao, kwa mabishano. Kila siku baada ya Magharibi simu ililia, na mama yake Mastura, aliyekuwa akichambua mchele sebuleni, alijifanya hasikii binti yake akicheka chumbani. Ubaid alimwita mwalimu mkuu wa mikasi. Mastura alimwita Bwana Jedwali. Lakini kila mara kicheko kilipoisha, kura ilikuwa palepale katikati yao, na wote wawili waliogopa kuitaja. Mastura alijua kwamba neno moja la Ubaid siku ile lingefuta kazi yake ya mihula miwili.

Mwezi wa kumi Ubaid aliomba aje kulitazama darasa, ili asihukumu kitu asichokijua. Akaja, akakaa dawati la mwisho nyuma kabisa. Siku hiyo watoto walikuwa wakijadili ipi kubwa, moja ya tano au moja ya nane. Jannat, msichana wa miaka kumi ambaye mwaka uliopita hakuwahi kufungua mdomo darasani, alisimama akasema moja ya nane ndiyo kubwa, kwa sababu nane ni kubwa kuliko tano. Mastura hakumsahihisha. Alinyamaza, akawaambia wenzake wamsikilize, akamgawia Jannat vipande vya karatasi. Ubaid aliondoka kipindi kikikaribia kwisha, akimpungia mkono dirishani, uso wake una kitu ambacho Mastura alikitafsiri kuwa mapenzi.

Kesho yake asubuhi simu yake ilikuwa imejaa. Video ya sekunde arobaini ilikuwa imezunguka vikundi vya walimu na vya wazazi. Jannat amesimama, anasema moja ya nane ndiyo kubwa, na mwalimu wake amesimama kimya kama mtu asiyejua. Chini yake mtu ameandika: "Hisabati mpya. Mtoto anapotea, mwalimu anatazama."

Mastura aliitazama mara tatu. Ilipigwa kutoka dawati la mwisho. Akampigia Ubaid.

"Ni wewe?"

Ubaid hakuuliza anazungumzia nini. "Nilirekodi mimi. Sikuikata mimi. Nilimtumia mtu mmoja tu, rafiki yangu Odero, nikamwambia aone mtoto huyu anavyofikiri. Yangu ni dakika nane, Mastura. Wallahi, mwisho wake—"

"Uliomba ruhusa kwa nani?"

Ubaid alianza kumtaja Odero tena, Mastura akamkatiza.

"Mimi uliniuliza? Mama yake Jannat ulimuuliza?"

"Hapana."

"Basi kura ni yako, umeshinda. Usinipigie tena."

Akakata, akaizuia namba yake. Habari za Odero hakuziamini. Alichokiona ni mwenyekiti aliyemchekea miezi mitatu ili apate kiti cha nyuma darasani kwake.

Jannat hakuja shuleni siku tatu. Aliporudi alilaza kichwa juu ya dawati, na watoto wa madarasa mengine walipita dirishani wakinong'ona "moja ya nane". Wazazi wanne walikuja kuomba watoto wao wahamishwe. Mwalimu mkuu, aliyekuwa akimuunga mkono mpaka hapo, alimwita ofisini akamsihi arudie ubao na chaki hadi kura ipite. Mastura alimwomba ampe wiki mbili zilizobaki. Alitoka akaenda kujifungia chooni akalia, akanawa uso, akarudi darasani.

Siku ya kura ukumbi ulijaa walimu wakuu kutoka mjini na kutoka pande za mashambani, makoti mazito na mitandio, viti vinakwaruza sakafu. Afisa wa elimu, Bi Chepkosgei, mwanamke asiyependa hotuba ndefu, alimwita Ubaid atoe ushauri. Mastura aliyekuwa safu ya mbele aliangalia mikono yake. Hakutaka kumwona.

"Kabla ya hisabati," Ubaid akasema, "kuna jambo moja. Ile video mliyoiona ni mimi niliyeirekodi, bila kumwomba ruhusa mwalimu wala mzazi. Aliyeikata anajijua, lakini bila mimi asingepata cha kukata. Kuhusu njia hii mpya, bado nina shaka. Sijabadilisha mawazo. Ila mtu aliyefanya nilichofanya hawezi kuwashauri leo. Dakika zote nane ninazo hapa. Mkitaka kuona mtoto alipofikia, nitawaonyesha."

Ukumbi ukavuma. Safu ya tatu, Odero, yule rafiki aliyetumiwa video, aliinamia viatu vyake. Bi Chepkosgei akamgeukia Mastura, akamuuliza anasemaje, kwani video nzima ingeweza kumsafisha.

Mastura alisimama. Alijua kwamba kama dakika nane zilikuwepo kweli, zingemsafisha.

"Isionyeshwe," akasema. "Huyo mtoto ametazamwa vya kutosha."

Badala yake alipita safu kwa safu akiwagawia wakuu vipande vya karatasi, akawaomba kila mmoja akunje chake kiwe sehemu tano sawa. Walicheka. Halafu wakanyamaza. Halafu wakaanza kubishana. Bwana Mwaura, mkuu wa shule moja ya Njoro aliyejulikana kwa ukali, alikunja mara tano kwa uangalifu, akahesabu, akapata sehemu sita. Akahesabu tena. Akamtazama Mastura amsaidie. Mastura alisimama mbele yake kimya, vilevile alivyosimama kwenye video. Dakika mbili zilipita, ndefu. Jirani wa Mwaura akamwonyesha karatasi yake. Mwaura akaigeuza huku na huku, akaguna: kumbe mikunjo ilitakiwa minne.

"Si ungeniambia tu, mwalimu," akalalamika.

"Ningekuambia, ungesahau kabla ya kufika Njoro."

Walipiga kura. Ishirini na watano walikubali, ishirini na mmoja walikataa. Njia mpya ingeanza Januari, kutoka Gredi ya Kwanza hadi ya Tano, na Mastura angekuwa miongoni mwa wakufunzi. Ubaid alikabidhi uenyekiti palepale. Mastura alimwona akitoka peke yake kwa mlango wa pembeni, na hakumfuata.

Jumatatu, Jannat alimjia mapumzikoni. Akamweleza kwamba yule mwalimu wa video alikuja kwao Jumapili, mama akamruhusu kuingia. Alimwomba msamaha yeye mwenyewe, si mama peke yake. Akamuuliza kama angependa kuiona video nzima kabla ya kuifuta.

"Nikaiona. Kule mwisho niko sawa, mwalimu. Niligundua mwenyewe. Nikamwambia sasa futa, akafuta nikiona."

Akakimbia kwenda kucheza. Mastura alibaki amesimama uwanjani. Kumbe Ubaid alirekodi hadi mwisho kweli. Kumbe yale maneno aliyomkatiza kwenye simu yalikuwa ukweli mtupu. Hasira bado alikuwa nayo, maana ruhusa hakuombwa. Lakini alikuwa amemhukumu mtu kwa sekunde arobaini, sawasawa na walivyomhukumu yeye. Jioni ile aliifungua namba ya Ubaid. Hakupiga.

Januari, mafunzo ya kwanza yalifanyika Njoro. Mastura aliingia na boksi la mikasi, mtandio wa kijani kichwani, akawatazama walimu aliokuja kuwafunza. Dawati la mbele alikaa Ubaid, daftari wazi. Siku nzima alikata na kukunja kama wengine, akauliza maswali magumu, akakosea mara mbili. Wenzake walipotoka kunywa chai yeye alibaki.

"Hukulazimishwa kuja," Mastura akasema. "Wewe hufundishi Gredi ya Tano."

"Nilitaka kukusikiliza hadi mwisho."

"Mimi sikukusikiliza hadi mwisho. Hilo naomba radhi. Lakini ukirekodi tena darasa la mtu bila ruhusa, Ubaid, mimi na wewe basi."

"Sitarudia." Akafunga daftari. "Nataka kukuoa, Mastura. Na bado naamini watoto wajue jedwali kwa kichwa. Nakuambia yote mawili sasa hivi, usije ukasema nilikuficha."

Mastura aliokota mkasi uliobaki mezani, akaurudisha kwenye boksi.

"La jedwali tutabishana," akamwambia. "Hilo lingine nenda kamwambie mama."